Besi Haifundishwi

Ujumbe ulinikuta juu ya magunia ya mahindi, Tunduma, jua likiwa kichwani na lori halijajaa hata nusu. Chuo cha muziki kilikuwa kimenijibu. Maombi yangu ya kusomea utunzi yamepokelewa vizuri, nafasi zimejaa, nimewekwa kwenye orodha ya akiba. Mmoja akijitoa, nitaitwa. Kabla orodha haijafungwa ninaruhusiwa kutuma kazi moja zaidi, na sharti lilikuwa limeandikwa peke yake kwenye mstari wake: sauti zote nne ziwe zimeandikwa na mimi mwenyewe, na rekodi iwe ya watu wanaoimba kama ilivyoandikwa.

"Wewe huko juu!" Mama mwenye ghala alikuwa anapiga kelele kutoka chini. "Gunia halipandi kwa kusomewa simu!"

"Chuo kimenijibu."

"Umepata?"

"Niko akiba."

Alifikiri kidogo. "Akiba ni mahindi, mwanangu. Mtu hawekwi akiba."

Wabebaji wenzangu hawakuhitaji kufikiri. "Benchi! Jamaa kawekwa benchi!" Mwingine akauliza kama huko benchi wanagawa maji. Mpaka jioni nilikuwa nimepata jina jipya, na hata madereva wa Zambia, ambao kila asubuhi walinisalimia kwa Kibemba ili wanicheke ninavyojibu, walianza kuniita Benchi.

Ningependelea kukataliwa. Kukataliwa nakujua. Niliacha shule kidato cha pili, na si kwa kukosa ada kama watu wanavyopenda kudhani wakiniangalia viatu. Nilichoka kuulizwa maswali ambayo muulizaji tayari anajua majibu yake. Baada ya hapo nilikwenda Ivuna kuona chumvi inavyopatikana, nikakaa mpaka nikaelewa, nikaondoka. Mkwajuni nilishuka kwenye mashimo ya dhahabu kwa sababu hiyohiyo, na niliondoka kwa sababu hiyohiyo pia, pamoja na kikohozi. Nikishajua kitu kinavyofanya kazi, miguu inaanza kuniwasha. Muziki tu ndio sikuwahi kuumaliza. Noti za mistari mitano nilijifunza kwenye simu, kituo cha kuchajia, nikisubiri zamu yangu na kuandika kwa mkaa kwenye ukuta wa mtu, ambaye alinitukana sana.

Sasa hawa watu wa chuo walikuwa wamenifanyia jambo ambalo mwenye mgodi hakuweza kulifanya wala mwalimu wa nidhamu. Walikuwa wamenifunga mahali pamoja. Siwezi kwenda palipo na mtandao mbaya, maana mtu anaweza kujitoa. Siwezi kupanda lori la Ndola, maana orodha inaweza kufungwa. Nilikuwa nawaza kuhusu watu nisiowajua, waliochukua nafasi zote, nikiwaombea waugue kidogo. Si sana. Kiasi cha kuahirisha masomo.

Kwa nini niliwekwa akiba? Hilo lilianzia kwenye kwaya ya kanisa la nyumbani kwetu, milimani, Mbebe.

Kwenye kwaya ile mwalimu akileta wimbo mpya anaanza na soprano. Anawapa noti zao kwa do-re-mi, wanarudia mpaka zinakaa. Kisha alto, kisha teno, ambako mimi ndiko nilikokulia. Besi wao wanakaa benchi la nyuma wamekunja mikono. Hawafundishwi. Hawajawahi kufundishwa. Wimbo unazunguka mara ya kwanza, wanasikiliza. Mara ya pili, wananguruma kwa kufumba mdomo. Mara ya tatu wanaingia, wote pamoja, na wameshajipatia njia yao. Mwalimu akithubutu kuwapa noti ni kama amewaambia hawajui kufunga milango ya nyumba zao. Karatasi za kwaya yetu zina mistari mitatu ya noti na wa nne mtupu. Nilikua nikiamini ndivyo nyimbo zinavyoandikwa duniani kote.

Kwa hiyo nilipotuma maombi nilituma wimbo wangu wa kwanza hivyohivyo, na rekodi ya kwaya ikiuimba. Chuo kilikuwa na nafasi chache kwa watu wasio na vyeti, wanaopimwa kwa kazi zao. Walinihoji kwa simu ya video nikiwa nyuma ya ghala, honi za malori zikinikatiza. Walikuwa watatu, wanaume wawili na katikati mama mwenye miwani, ambaye ndiye aliyeuliza.

"Karatasi yako ina soprano, alto na teno. Mstari wa besi ni mtupu. Lakini kwenye rekodi besi wanaimba, na wanaimba vizuri. Nani aliandika?"

"Hakuna."

"Hakuna, maana yake nini?"

"Walijipatia wenyewe, mama. Kwetu besi haifundishwi."

Mmoja wa wale wanaume alicheka kwa pua. "Kwa hiyo wewe umetunga robo tatu ya wimbo."

Neno la kijinga ningelisamehe. Hili halikuwa la kijinga, na ndiyo maana nilitembea nalo wiki nzima kama mwiba wa katani. Robo tatu. Hata akiba yenyewe nilipewa kwa robo tatu.

Nilimwambia mama mwenye ghala kwamba ninakwenda nyumbani. Akasema nikirudi nitakuta mtu mwingine juu ya lori. Nikamwambia amsalimie.

Wimbo mpya niliuandika Mbebe, kwenye nyumba ya marehemu baba, ambayo baba mdogo alikuwa anahifadhia mbolea. Ulikuwa wimbo wa mavuno, wa kushukuru, ingawa una manung'uniko ndani yake. "Umechelewa, mvua, lakini umekuja." Soprano ilikuja haraka, kama kawaida yangu. Alto na teno zikafuata. Kisha nikafika kwenye ule mstari wa nne, na kwa mara ya kwanza maishani nikaandika besi.

Niseme wazi kwamba ilikuwa nzuri. Sijawahi kuandika kitu kizuri kama kile, kabla wala baadaye. Pale soprano wanaposhikilia neno "umekuja" na kukaa juu, besi inaanza kushuka, ngazi kwa ngazi. Inafika mahali ambapo sikio linasema basi, imetosha. Haisimami. Inashuka tena, mpaka so ya chini kabisa, na hapo inakaa huku wengine wakiendelea na safari yao. Niliisikia kichwani nikiwa nimekaa juu ya mfuko wa mbolea na nywele zikanisimama. Sikutaka tena nafasi ya chuo peke yake. Nilitaka kuisikia ile so.

Kiongozi wa besi alikuwa baba mdogo mwenyewe. Ni mkulima wa kahawa, mfupi, mpana, na sauti yake inatokea chini ya ardhi. Mazoezi yalikuwa Jumamosi alasiri, kanisani. Soprano waliupenda wimbo, alto wakaupenda, teno wakanipiga mabega. Nikaenda benchi la nyuma na karatasi.

Baba mdogo aliipokea kwa vidole viwili. "Hii nini?"

"Besi, baba mdogo."

"Besi ya nani?"

"Yenu. Ya wimbo huu."

"Yetu haijaja bado. Wewe umeijuaje?"

Benchi zima likacheka. Nikaeleza habari ya chuo, orodha, sharti la sauti nne. Nilieleza vizuri, kwa heshima, hata nikainama kidogo. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Yaani wewe," akasema, "ulikimbia shule, ukazurura mpaka kwenye chumvi huko kwa wafugaji, na leo umeturudishia shule kanisani?"

"Naomba mara moja tu, baba mdogo. Nirekodi, basi. Baada ya hapo imbeni mnavyotaka."

"Mbona rahisi? Sisi tutaimba yetu. Wewe utaisikiliza, uiandike, useme umeitunga. Hatusomi barua zako. Nani atakukamata?"

Hakuwa ananitania. Alikuwa ananipa kitu, kwa jinsi yake, na watu wote kwenye benchi lile waliona kuwa ni ukarimu. Ningekubali, ningekuwa nimemaliza jioni ileile.

"Sitaki yenu," nikasema. "Yangu ni nzuri zaidi."

Baba mdogo akaikunja ile karatasi mara nne, taratibu, akainama akaiweka chini ya mguu wa benchi uliokuwa mfupi. Akalitikisa benchi. Halikucheza tena.

"Kweli," akasema. "Ina kazi."

Kisha akaanza kusema Kilambya, lugha ya kwetu, haraka, na alichosema kuhusu mama yangu na malezi sitakiandika hapa.

Wimbo ukazunguka mara tatu, na besi wakaingia na yao. Ilikuwa besi ya kawaida, inayotembea do, fa, so, do kama mtu anayezunguka nyumba yake akihesabu kuku. Nilitoka nje kabla ya mwisho.

Vijana watatu wa besi walinifuata kesho yake baada ya ibada. Walitaka kujua kama chuo kina wasichana. Nikasema wamejaa. Tukakubaliana tukutane nyuma ya vichanja vya kuanikia kahawa, pamoja na soprano wawili, binti wa jirani kwenye alto, na mimi kwenye teno. Niliwafundisha wale vijana besi yangu noti kwa noti. Mwanzoni waliona aibu, kama watu waliovuliwa mashati, wakiangalia njiani. Lakini walikuwa na masikio. Kabla kahawa haijageuzwa mara ya pili walikuwa wameishika. So ya chini yenyewe ilikuwa inawatoka kama upepo wa pampu ya baiskeli, lakini ilikuwa inatoka. Nikaweka simu juu ya kichanja, nikaiwasha irekodi.

Mzunguko wa kwanza, safi. Wa pili, safi zaidi. Nilikuwa nawaongoza kwa mkono na sikuthubutu kupumua. Ndipo nikasikia sauti kutoka ndani ya mibuni.

Baba mdogo hakupiga kelele wala hakutokeza kichwa. Alikuwa huko kwenye mistari yake ya kahawa, akipalilia, nasikia jembe, na alikuwa anaimba besi yake. Do, fa, so, do. Si kwa nguvu. Kama mtu anayejiimbia akiwa kazini. Wale vijana watatu walitazamana. Mzunguko wa tatu ulipoanza, wa kwanza akahama, wa pili akamfuata. Yule wa mwisho alijitahidi noti chache akiwa peke yake, macho yamemtoka, kisha naye akaenda, kama ng'ombe anayesikia kengele ya mwenzake. Jembe halikusimama hata mara moja.

"Samahani, kaka," mmoja akaniambia baadaye. "Mara ya tatu mdomo unaenda wenyewe."

Hawakukubali kurudia. Nikaituma ilivyo, na karatasi yake, kwa sababu sikuwa na nyingine.

Yule mama mwenye miwani alinipigia mwenyewe. Nilipanda hadi kwenye kichuguu cha nyuma ya shule, ambako mtandao unapatikana, nikasimama na mkono mmoja sikioni kuzuia upepo.

"Kuanzia mzunguko wa tatu besi yako inahama," akasema. "Ya kwenye karatasi ni nyingine, ya kwenye rekodi ni nyingine. Ipi ni yako?"

"Ya kwenye karatasi."

"Lakini hiyo sijaisikia mpaka mwisho. Kwenye mzunguko wa kwanza na wa pili nasikia wanashuka, halafu chini kabisa nasikia hewa."

"Hata mimi sijaisikia, mama."

"Naisoma hapa, na naiona ni nzuri," akasema. "Wenzangu wanasema mtu anaweza kuandika lolote. Wanataka waisikie. Orodha inafungwa mwisho wa wiki ijayo, na kuna kijana mmoja anasitasita kuja. Tafuta watu wengine."

"Watu wengine hawana sauti hiyo."

"Sauti ipi?"

Nilishindwa kumweleza. Tangu utotoni, kila maombi yalipoisha kanisani kwetu, watu waliitikia Amina kwa sauti nne, na chini ya Amina ile, baada ya wote kumaliza, ilibaki noti moja ya baba mdogo ikitetemesha mabati. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni jengo. Nilipoiandika so ile juu ya mfuko wa mbolea sikuwa nimeibuni. Nilikuwa nimemwandika yeye, na nadhani nilijua tangu mwanzo.

Jumapili iliyofuata ilikuwa sikukuu ya mavuno. Kwaya ingeuimba wimbo wangu, na kabla orodha haijafungwa ilibaki siku hiyo tu.

Nilikwenda kwake Jumamosi jioni. Alikuwa anaosha miguu kwenye beseni, uani. Nilisimama kama mtu aliyetumwa.

"Baba mdogo, naomba noti moja."

"Moja?"

"Imbeni besi yenu yote. Ila pale soprano wanapokaa kwenye 'umekuja,' wewe peke yako, shuka mpaka chini. Pale pa Amina. Ngazi za kushukia nitaziimba mimi, karibu yako."

Alisugua kisigino kwa jiwe. "Ukishaenda huko chuoni," akasema, "utarudi lini?"

Niliangalia maji ya beseni, na hilo lilikuwa kosa.

"Baba yako alikuwa besi," akasema. "Naye alikwenda kuona tu, kama wewe. Benchi lile lina nafasi yake mpaka leo, wanangu wanaweka makoti." Akamwaga maji, yakapita karibu na viatu vyangu. "Noti yangu si ya kupanda nayo basi."

"Kwani itapungua?"

"Toka uwanjani kwangu."

Siku ya mavuno kanisa lilijaa mahindi, ndizi, maboga, kuku waliofungwa miguu chini ya meza. Niliweka simu dirishani, ikirekodi. Kwaya iliposimama sikwenda kwa teno. Nilikwenda benchi la nyuma, nikaondoa makoti, nikasimama kwenye nafasi ya baba. Hakuna aliyenizuia, kwa kuwa mchungaji alikuwa anatazama.

Mizunguko miwili ya kwanza niliimba nao besi yao. Wa tatu walipoanza tena do, fa, so, do yao, niliimba yangu. Niliimba kwa nguvu zote, dhidi yao, nikiwa mmoja. Watu wa mbele waligeuka. Mtoto mmoja akacheka. Alto walitikisika, wakashikilia. Vijana wale watatu walikuwa wananisikia, shingo zao zimekakamaa, hakuna aliyehama. Soprano wakapanda kwenye "umekuja," wakakaa huko juu, na mimi nikaanza kushuka.

Ngazi ya kwanza ninayo. Ya pili ninayo. Pale sikio linaposema imetosha, sauti yangu nayo ilisema imetosha. Mimi ni teno. Nilifungua mdomo kwenye so ya chini na kikatoka kitu kama mlango mkavu, halafu hata hicho kikaisha.

Baba mdogo alikuwa begani kwangu. Aligeuza kichwa akanitazama nikiwa nimeachama. Na akafanya jambo ambalo besi wa kwetu hawafanyi katikati ya wimbo. Alifunga mdomo. Wengine wote wa benchi lile, walipoona amenyamaza, wakanyamaza. Kwa hiyo pale ambapo so yangu ilitakiwa iwe, hapakuwa na besi yangu wala yao. Soprano walining'inia juu ya shimo. Nililisikia lile shimo vizuri sana. Lilikuwa na ukubwa wa noti yenyewe. Kisha wimbo ukaendelea, nao wakaingia tena na do, fa, so, do yao, kuhesabu kuku.

Tuliketi. Mchungaji akaomba juu ya mahindi, akaombea mbegu, wagonjwa, wasafiri. Alipomaliza, kanisa likaitikia Amina kwa sauti nne. Watu wakamaliza. Na chini yao, bila haraka, ikabaki so ya chini ya baba mdogo, imekaa palepale nilipoiandika. Kuku mmoja chini ya meza akanyamaza. Mabati yakatetemeka.

Aliiimba akiwa ananiangalia. Simu ilikuwa bado inarekodi.